Niliomba Mkasi

Bariadi,
14 Machi 1994

Kwako Selestini,

Mwangaluka, ilumbu wangu, ndugu yangu. Naandika asubuhi ndiyo maana nakusalimu hivyo. Ukisoma jioni, jipangie mwenyewe. Huku wote wazima, isipokuwa kidole gumba changu cha kulia ambacho kimekufa ganzi tangu Krismasi. Wifi yangu Anna na watoto hawajambo? Kiwanda je, kimefunguliwa au bado mnasubiri?

Habari kubwa ni Joyness. Yule Danford wa Binza, fundi baiskeli mwenye masikio, hatimaye ameleta wazee wake na ng'ombe wamekubalika. Harusi ni Jumamosi tarehe 24 Septemba, watu wakishauza pamba. Wewe ndiye mjomba, usinitafutie udhuru.

Nimemwahidi mwanangu blanketi la viraka la kitanda cha watu wawili, litoke kwenye mashati ya baba yake. Kasmiri aliacha mashati kumi na moja. Miaka minne yamekaa sandukuni, na kila Pasaka nayapiga pasi kama vile atayavaa kwenda misa. Sasa yafanye kazi. Baba hatamsindikiza kanisani, basi angalau amfunike.

Shida ni kukata. Viraka ni karibu mia tano na kidole ndicho hicho. Naomba unitumie mkasi. Mmoja tu, mkubwa, ule mzito wa zamani. Tangu soko liwe huria mikasi imejaa dukani kwa Joakim, inang'aa kweli, lakini ukifika kwenye shati la pili inatafuna kitambaa kama bibi asiye na meno.

Mkasi, Selestini. Nimeandika mara mbili kwa sababu nakujua.

Dada yako,
Mektilda


Mwanza,
9 Aprili 1994

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, na jibu la salamu zako nalipanga kama ulivyoagiza. Sisi tupo. Anna anauza mitumba pale sokoni, mimi namfukuzia nzi. Kiwanda bado, ila tumeambiwa kuna mnunuzi amepatikana na mafundi wa zamani tutaitwa kwanza. Koti langu la kazi nimelifua, limetundikwa nyuma ya mlango.

Kuhusu mkasi: sahau mkasi. Nakutumia mashine.

Usikunje uso. Ni ile niliyoifanyia kazi miaka kumi na saba, ya kukatia ngozi za viatu. Walikuwa wanaiuza kama chuma chakavu, nikaona aibu ikatwekatwe vipande, nikaichukua. Mota nimeitoa, nimeweka mkono wa kuvuta, maana umeme wenu naujua. Unatandika kitambaa tabaka kwa tabaka juu ya ubao, unaweka juu yake kisu cha umbo, unavuta mkono, kraa! Vipande vinane vimetoka sawasawa. Ni kama unavyokata chapati kwa mdomo wa kikombe, ila kikombe chenyewe ni chuma na kina hasira.

Kisu cha mraba nimekitengeneza mwenyewe kwa springi ya lori. Kipimo nimekichukua kwenye lile blanketi ulilonishonea nilipokuja Mwanza kutafuta kazi. Nimepima kiraka kwa kiraka, vidole vinne kamili. Viraka mia tano utavimaliza kabla sufuria halijachemka.

Inakuja na lori la wanunuzi wa pamba. Dereva anaitwa Mayala.

Ilumbu wako,
Selestini


Bariadi,
2 Juni 1994

Kwako fundi,

Hujambo? Mimi sijambo ila mgongo, goti, na kizingiti cha mlango wangu, ambacho hakipo tena.

Lile dume lako limefika. Lori lilinasa kwenye tope pale Mkula siku mbili, na Mayala anasema lilinasa kwa uzito wa hilo dume. Wanaume sita walilishusha. Walipofika mlangoni walikata shauri kwamba kizingiti ndicho kimekosea. Sasa limesimama sebuleni katikati, na wageni wanalizunguka kama wanatoa heshima za mwisho. Nyanjige, jirani yangu, aliliangalia kwa muda mrefu akauliza, "Mama Joyness, hili linakula nini?"

Linanila mimi. Nilijaribu juzi kwa kanga chakavu. Nimevuta mkono, haushuki. Nikaning'inia hapo, na unajua mimi si mwepesi, ukashuka na mimi nikashuka nao mpaka sakafuni. Nyanjige alicheka akaenda kujifungia jikoni kwake. Kanga haikukatika, ilipata alama tu, na mafuta meusi ambayo sabuni imeyashindwa.

Mwezi mzima umepita, sijakata kiraka hata kimoja. Ningekuwa na mkasi, hata kwa kidole hiki, ningekuwa nusu ya safari. Joyness kila siku ananiuliza, "Mama, blanketi?" Namwonyesha dume.

Nielekeze au njoo ulichukue.

Dada yako mwenye michubuko,
Mektilda


Mwanza,
21 Juni 1994

Dada,

Shikamoo, na pole kwa goti. Nimemsomea Anna barua yako, na yeye pia amekwenda kujifungia jikoni.

Kosa ni langu, sikukuandikia hatua. Paka sabuni ya kipande kwenye reli mbili za pembeni, si mafuta. Ubao wa chini uwe mti laini, usiweke mninga, makali yanakataa. Tabaka zisizidi nane. Vuta kwa uzito wa mwili, mguu mmoja mbele, kama unateka maji kisimani. Usining'inie.

Na acha woga. Hii mashine imekata viatu vya nchi nzima, itashindwa mashati kumi na moja?

Mnunuzi ameonekana getini na gari jeupe. Mambo yanakuja.

Ilumbu wako,
Selestini


Bariadi,
30 Julai 1994

Selestini,

Sijakusalimu kwa sababu bado naamua kama nitakusalimu.

Nilifuata kila neno lako. Sabuni, ubao wa mti laini, mguu mmoja mbele. Jumapili iliyopita baada ya misa nikaanza na shati la bluu la mistari, lile alilovaa Kasmiri siku ya kipaimara cha Joyness. Kraa! Vipande vinane, kona zimenyooka kama za daftari. Nikapiga kelele. Nyanjige akaja, Minza wa kwaya akaja, wakawa wanatandika na mimi navuta, tunaimba. Mashati yote kumi na moja yalikwisha kabla ng'ombe hawajarudi zizini. Kwa mkasi ingekuwa miezi miwili. Nilikubariki, ndugu yangu. Nilikubariki kwa jina mbele ya mashahidi.

Ndipo nikaanza kushona.

Selestini, ulipima viraka vya blanketi lililokwisha kushonwa. Ulipima kutoka mshono mpaka mshono. Nafasi ya mshono wenyewe uliiacha wapi? Mimi nakunja nusu kidole kila upande. Kiraka chako cha vidole vinne kikishonwa kinabaki vidole vitatu. Robo ya urefu na robo ya upana zimeliwa na mshono. Nimelitandika kitandani: likifunika mabega, miguu iko Bariadi, likifunika miguu, kifua kiko Maswa. Mtu na mumewe wakilala humo, mmoja atafute la kwake.

Na nikikutukana wewe, nijitukane na mimi. Miaka ishirini nakata kwa jicho, naacha nafasi ya mshono bila hata kufikiri, mkono unajua wenyewe. Nilipopewa mashine mkono ukapumzika, na akili ikapumzika nayo. Ningeshona viraka viwili tu kwanza! Viwili! Lakini mambo yalikuwa yanakwenda haraka, ikanoga.

Hakuna shati lingine. Zimebaki kola na mikono iliyochakaa. Kasmiri havai tena, kwamba nisubiri achakaze mengine. Jana nilimkuta Joyness amelishika, akaniambia, "Mama, linatosha." Halitoshi. Mtoto akianza kukudanganya kwa huruma ujue umeharibu.

Zimebaki wiki nane. Usinijibu, nitakujibu vibaya.

Mektilda


Mwanza,
29 Agosti 1994

Dada yangu,

Shikamoo. Najua ulisema nisijibu. Nimekaa kimya wiki nne, nadhani ni adabu ya kutosha.

Ni kweli, nilipima mshono kwa mshono. Ngozi ya kiatu nisingeipima hivyo hata nikiwa na homa. Lakini nilikuwa na blanketi lako magotini, nikakumbuka ile siku ya kuondoka nyumbani, nikawa napima huku nawaza mambo mengine.

Mayala atakupa kifurushi. Ndani kuna mkasi, mzito, wa zamani. Nimeuchukua kwa fundi cherehani aliyestaafu, na nimeunoa mwenyewe.

Kuna na koti langu la kazi. Bluu, kitambaa cha kiwanda, hakijawahi kuchuja. Kata vipande virefu, uzungushie blanketi pande zote nne. Nimepima mara tatu, na safari hii nimeacha mshono: kinatosha na kinabaki.

Usiniulize nitavaa nini wakituita. Mnunuzi ameshafungua. Ghala letu amelijaza marobota ya viatu vya mitumba kutoka nje. Nilikwenda getini na koti mkononi, mlinzi akaniuliza kama nauza.

Kata kwa mkasi, dada. Hilo usiliweke kwenye mashine.

Ilumbu wako,
Selestini


Bariadi,
16 Septemba 1994

Kwako ilumbu wangu Selestini,

Mwangaluka. Leo nakusalimu vizuri. Kidole bado ganzi lakini mimi mzima, na mkasi unakata kama unaongea.

Nilikaa na koti lako siku mbili bila kuligusa. Nilikuwa nimejiandaa kukutukana kwa hasira iliyobaki, ikabidi niimeze. Siku ya tatu nikalitandika mezani. Nilishona vipande viwili kwanza, nikapima, ndipo nikaendelea. Usicheke.

Blanketi limetosha. Kasmiri yuko katikati, wewe umemzunguka, na linashuka mpaka chini ya godoro pande zote. Mfuko wa kifuani, ule wenye namba yako ya kazi kwa uzi mwekundu, nimeuacha kama ulivyo, upande wa miguuni. Danford aliuona akauliza ni wa kazi gani. Joyness akamwambia, "Mjomba anakagua."

Sasa neno langu. Nyanjige, Minza na akina mama wa kwaya hawataki tena kukata kwa mkono. Wameshajaza sebule yangu vitenge na mashuka ya zamani, kila mmoja anataka lake, na kisu chako ni kidogo. Nimewakatalia watu kwa wiki nzima. Tunahitaji kipya, cha vidole vitano, na Joakim ana springi ya lori nyuma ya duka inaota kutu. Mtu wa kuikunja ndiye hayupo.

Kwa hiyo uje siku mbili kabla ya harusi, na tupa yako ya chuma. Anna aje pia. Wageni wa Binza ni wengi na viti vichache, lakini wewe nimekuwekea nafasi kwenye lile dume. Halihamishiki hata hivyo.

Dada yako,
Mektilda