Kwa Dada Mellen, Uliyesubiri Jua Lizame

Mellen Bosibori Obare
Aliaga Jumamosi, 17 Agosti 1996, Suna, Migori

Ni mwaka mmoja sasa tangu kopo lako la kuoshea brashi lilipokauka dirishani, Dada Mellen, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na nguvu ya kuliondoa.

Tumechoka, Dada. Wengine huandika hapa gazetini kwamba Mungu amewapa nguvu. Sisi bado tunaingoja. Baada yako tulimzika Baba Mdogo, kisha jirani, kisha mtoto wa jirani, na viti vya mazishi tumevibeba mpaka tunajua ni kipi kina mguu mbovu. Mama anapika, anakula kidogo, analala. Mwanao Caren ameingia darasa la pili. Akiona kitabu chochote huuliza kwanza nani alichora.

Wasiokujua wajue kwamba ulichora picha za vitabu vya watoto. Yule bibi anayepepeta wimbi katika kitabu cha darasa la kwanza ni Mama yetu, na kitambaa alichojifunga ni changu. Ulifanya kazi ukiwa umekaa kitandani, ubao wa plaiwudi magotini, ulimi umeutoa kidogo kama mtoto. Nilipoacha shule darasa la sita ulinichukua nikakaa nawe. Hukuniuliza mbele ya watu kwa nini niliacha. Ulinipa brashi nioshe, na jioni ukanisomesha hadithi ulizokuwa unachora, ili nikuambie picha gani inakosekana.

Ulikuwa Msabato kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama ulifunga chupa ya wino na kugeuza ubao ukaangalia ukuta. Hata kama mtu alikuwa amechorwa nusu, alibaki nusu mpaka Jumamosi jioni.

Mwalimu Otieno, anayesimamia makao ya watoto yatima kule Homa Bay, ni Mkatoliki na hakulijua jambo hilo. Alipopanga siku ya kuchora ili watu wachangie bweni la watoto, aliiweka Jumamosi, akatangaza kwamba mchoraji wa vitabu atakuja kuchora kila mtu. Watu walijaa. Wewe ukafika na nguo ya kanisani, mfuko begani, mikono mitupu.

"Nyar Kisii," akakuambia, yaani binti wa Kisii, "kalamu iko wapi?"

"Iko kwa mfuko. Imelala."

"Itaamka saa ngapi?"

"Jua likizama, Mwalimu."

"Sasa hawa watu niwaambie nini? Kuchora watoto yatima ni kazi ama ni sala?"

"Kuwatembelea ni sala. Kuchora ndiyo kazi yangu. Si ndiyo maana umeniita?"

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akasema kutoka nyuma, "Mwache angoje. Hata mimi sura yangu ya mchana si ya kuchorwa." Watu wakacheka, na hakuna aliyeondoka.

Mchana huo wote uliwapa watoto karatasi na vipande vya makaa, wakachora wenyewe. Ulikaa katikati yao na mikono mapajani. Uliuliza tu, "Huyu anaenda wapi? Na huyu mguu wake mwingine uko wapi?" Jua lilipoingia ziwani ulifungua wino, wakawasha karabai, ukachora mpaka karatasi zikaisha. Tangu hapo Mwalimu Otieno aliiweka Jumamosi kila mwaka, sasa kwa makusudi. Alisema watu wakingoja pamoja wanazoeana.

Kitabu chako cha mwisho ulikichora kwa ajili ya makao hayo. Ni hadithi ya msichana anayetumwa kuuza ndama katika soko la mifugo la Ogwedhi, anakosa moyo wa kumuuza, anarudi naye nyumbani kwa miguu. Bwana Byron, mchapishaji wa Kisumu, alikubali kukichapisha, na mauzo yake yaezeke lile bweni, maana kuta zilikuwa zimesimama na watoto bado walilala chini, katika chumba cha kulia.

Nilikubebea mfuko tulipokwenda Ogwedhi. Ulichuchumaa mbele ya ndama asubuhi nzima, mpaka mwenyewe, mzee Nyamhanga, akakuuliza, "Mama, unanunua ama unaangalia?"

"Naangalia magoti tu, Mzee."

"Magoti pekee hatuuzi. Chukua na kichwa."

Lakini alimshika ndama asitikisike mpaka ukamaliza. Ulisema goti la ndama ndilo gumu kuliko uso wa mtu, kwa sababu uso ukikosea mwenyewe anaweza kukusamehe.

Kisha kifua kikakuzidi. Ulichora ukipumzika, ukapumzika zaidi kuliko ulivyochora. Ijumaa ile ulikuwa umebakisha ukurasa mmoja tu, wa mwisho, ndama anapofika nyumbani. Ulikuwa umechora lango la boma kwa penseli, basi. Bwana Byron alikuwa aje Jumatatu. Jua lilikuwa juu ya paa la jirani ulipofunga wino.

Kaka yetu Jared alipiga magoti kando ya kitanda. "Dada, ni ndama mmoja tu. Mungu hawezi kukasirikia ndama."

"Hakasiriki," ukasema. "Ni mimi nimechoka. Siku sita ni za kila mtu. Hii moja niachieni. Nitamaliza kesho, jua likizama."

Jumamosi alasiri ulituacha. Jua lilikuwa bado ukutani, na ubao umegeuzwa.

Bwana Byron alikuja kwenye mazishi. Alitupa pole, na baadaye akasema taratibu kwamba kitabu hakiwezi kutoka bila mwisho, na kwamba anaye mchoraji mwingine mzuri ambaye angemalizia. Jared alitaka tukubali. Alisema watoto wanalala sakafuni nasi tunalinda karatasi. Mama alikataa. Alisema mkono wa mgeni hautaingia katika kazi yako, uliiacha wazi kwa sababu yako mwenyewe na ibaki wazi. Wote wawili walikuwa na haki, Dada. Jared akaacha kuja kula. Mvua ndefu ikaja na watoto bado wako sakafuni. Bwana Byron akatuma habari kwamba anaweza kungoja mpaka Juni, zaidi ya hapo hawezi.

Mimi mbele ya watu sauti hainitoki, unajua. Nilimwambia Mama jikoni tukichambua maharagwe. Nilisema wale watoto wa Homa Bay walichora mbele yako ukiwa umekaa nao, na wengi wao bado wapo.

Mama aliendelea kuchambua.

"Hao hawakuwa mkono wa mgeni kwake," akasema baadaye.

"Hapana, Mama."

"Basi mwite Jared atupeleke. Lakini iwe Jumapili."

Tuliweka ukurasa wako mezani pale makaoni, na lango lako la penseli. Watoto hawakuelewana nani amchore ndama, kwa hiyo kila mmoja akachora wake. Ukurasa umejaa ndama, Dada. Wengine wanafanana na mbuzi, mmoja anafanana na Mwalimu Otieno. Magoti yote yamekosewa. Wote wameelekea langoni. Kuna mmoja ana miguu mitano, na Jared akamuuliza msichana aliyemchora, "Huu wa tano ni wa nini?"

"Ametoka mbali," msichana akasema. "Minne imechoka."

Mama alikaa chini pale pale. Ndiyo mara ya kwanza tulimwona akilia bila kujificha, na Jared akamshika bega, na walirudi nyumbani wakiongea.

Bwana Byron hakufuta kitu. Kitabu kimechapwa. Jumamosi hii, tarehe 16 Agosti, mkesha wa siku yako, maboksi yatafunguliwa makaoni Homa Bay mbele ya watoto, na wote waliokupenda wanakaribishwa. Mwalimu Otieno alimuuliza Mama aandike saa ngapi kwenye tangazo. Mama akamwambia, "Kwani wewe humjui? Jua likizama." Watoto watakuwa wamekaa kwenye nyasi tangu mchana. Wao kungoja wamezoea.

Nimeliosha kopo lako. Nalibeba twende nalo.

Wanaokukumbuka ni Mama yako Marcella, kaka yako Jared na mkewe Nyasuguta, mwanao Caren, mimi mdogo wako Edith, waumini wenzako wa Suna, Mwalimu Otieno na watoto wote wa makao, pamoja na mzee Nyamhanga wa Ogwedhi, ambaye anauliza kama ndama wake ametokea vizuri.

Pumzika, Dada. Ile siku moja ni yako. Nasi daima tutakukumbuka, mchana tukikungoja, na jua likizama.