Kadi ya Harmke ubaoni

Jorrit!! Umekosa uhondo klabuni leo, nakwambia umekosa!

Harmke Wolthuis kaja. Harmke mwenyewe! Kastaafu tenisi miaka ishirini iliyopita, na bado foleni ya kutaka sahihi yake imefika kwenye maegesho ya baiskeli. Bibi yangu katoa machozi kabisa.

Sasa, mwenyekiti wetu Egbert unamjua. Ndiye aliyeng'oa kadi ya Harmke kwenye ule ubao wa zamu za kucheza, Harmke akiwa mtoto, akaitupa nje ya uzio kwenye majani yanayowasha. Eti binti wa muuza maziwa asubiri wakubwa wamalize!

Leo kavaa kaptula mpya fupi, kaita mpiga picha wa gazeti, anataka kucheza na Harmke uwanja namba moja.

Harmke kapita kwanza ubaoni, katundika kadi yake taratibu. Kisha kamgeukia.

"Kadi yako iko wapi, Bwana Egbert?"

Kamuuliza hivyo hivyo, Jorrit!! Mzee kajipapasa mifuko yote. Kaisahau nyumbani!

"Lakini mimi ni mwenyekiti..."

"Asiyetundika kadi hachezi. Si wewe uliyenifundisha?"

"Hachezi! Hachezi!" Klabu nzima ikapiga kelele, na aliyeanzisha ni bibi yangu!

Basi Harmke kamchukua bibi acheze naye, maana kadi ya bibi ilikuwa ubaoni tangu asubuhi. Mpira wa kwanza Harmke kaupiga ukapita juu ya uzio, makusudi kabisa, ukatua kwenye yale yale majani.

"Egbert, wewe huna kazi. Tuokotee."

Na kaingia humo majanini na ile kaptula fupi, Jorrit! Hiyo ndiyo picha aliyoondoka nayo mtu wa gazeti.