Lango la Kumi na Sita

Bandari ya Dijon, 3 Mei 1979

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali, wewe na hayo magoti yako. Mvua za Aprili zimeyaacha salama? Unapika, au bado unaishi kwa kahawa na mkate mkavu?

Kaa kwanza. Umekaa? Ile kazi ya unahodha niliyoomba kwenye tishari la watalii nimeipata. Na tishari lenyewe ni letu la zamani! Marjolaine, Baba! Wamelipaka rangi ya buluu, wamelitoboa madirisha na kulipa jina jipya, Belle-Treille, lakini niliposhika usukani tu mkono ukalitambua. Kule chini tulikopakia ngano na makaa sasa kuna vyumba vinne vyenye mazulia, na meza ya watu wanane. Abiria ni Waingereza na Wamarekani. Wanakaa wiki nzima humu, wakienda mwendo ambao mbuzi angetupita, wakila mikate ya siagi asubuhi, jibini mchana na konokono jioni. Kila lango la maji likifunguka wanapiga makofi. Mimi nacheka peke yangu usukanini.

Niandikie kwenye malango ya mfereji kama zamani, walinzi watanipa. Na herufi usisahau! Namba zinaanza upya kila upande wa mlima, kwa hiyo 9 ya S, upande wa Saône, si 9 ya Y, upande wa Yonne. Ulikuwa ukisema namba bila herufi ni barua ya mtu mwingine. Bado nakumbuka sweta ya Shangazi Irma iliyokaa 9 ya Y majira yote ya baridi, na mimi natetemeka 9 ya S.

Mwanao akupendaye,
Odile


Saint-Jean-de-Losne, 8 Mei 1979

Binti yangu Odile,

Salamu. Mimi sijambo, magoti ndiyo yenye jambo. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Acha kazi hiyo.

Chombo kikibadilishwa jina hununa, na chombo kilichonuna hakisamehe. Tena nasikia mpishi wenu anapika yule mnyama mwenye masikio marefu, ambaye sisi wa majini hatumtaji wala kumwandika jina, humo humo ndani! Mama yako angejitupa mtoni. Mzee Vasseur anatafuta nahodha wa tishari la mchanga hapa Saône, na kesho angekuchukua. Sisi akina Delcourt hatujawahi kubeba watu. Tumebeba ngano, makaa na mchanga, shehena ambayo ikizama haipigi kelele.

Nisikilize mara hii moja.

Baba yako,
Firmin


Lango la 44 S, 14 Mei 1979

Baba,

Salamu. Mimi ni mzima, na hofu leo sina, nina hasira.

Kwa hiyo sababu ni sungura? Ndiyo, nimemwandika. Sungura, sungura, sungura. Anselme anampika kwa haradali na abiria wanalamba vidole. Miaka sita nimekuwa baharia wa kutumwa kwenye matishari ya wanaume wasiojua hata kufunga kamba. Leo nimepewa usukani wa nyumba nilimozaliwa, na baba yangu ananipeleka kwa Vasseur, anayenuka samaki hadi siku ya Krismasi! Sema ukweli, unaona haya. Unaona haya kwamba kitandani kwa Mama sasa analala mke wa daktari wa meno kutoka Boston.

Basi ngoja nikuongezee. Mwenye tishari, Bwana Thornbury, ameleta beseni la kuogea la chuma cha kusubu. Lina miguu ya simba, na watu sita walilibeba. Limewekwa chumba cha pili kushoto, pale pale nilipokuwa nalala juu ya magunia ya ngano. Kina bibi wawili Waingereza, Bi Harriet na Bi Winifred, ndugu wa tumbo moja wenye umri wa miaka themanini na ushei, wanaoga kwa zamu na kuimba nyimbo za kanisani. Wamekodi chumba hicho mpaka katikati ya Juni.

Usiponipa sababu ya mtu mzima, siachi.

Odile


Saint-Jean-de-Losne, 18 Mei 1979

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Hasira yako nimeipokea, ni haki yako. Sasa nijibu kwa makini wala usicheke.

Shuka kwenye ngama, chini ya sakafu, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Hesabu mbavu za chuma kuanzia mbele. Beseni hilo liko juu ya ubavu wa ngapi? Pampu inafanya kazi mara ngapi kwa siku? Maji inayoyatoa yana rangi gani? Yashike, yasugue kati ya vidole, kisha uniambie kama yana unga.

Usimwambie mtu kwamba nimeuliza. Naomba, mama.

Baba yako


Lango la 30 S, 23 Mei 1979

Baba mpendwa,

Mimi ni mzima, lakini sasa hofu ni kwako kweli kweli. Hujaniita mama tangu tulipomzika Mama.

Nimeshuka. Beseni liko juu ya ubavu wa kumi na moja, kushoto. Sakafu hapo imebonyea kidogo, na chini yake ni giza, sikuona kitu. Nilipoanza kazi pampu ilikuwa ikilia mara moja kwa siku. Sasa ni mara tatu. Maji ni meupe kama maziwa yaliyokatika, na ndiyo, yana unga. Anselme akasema, "Nahodha, tukiongeza chumvi tutawauzia kama supu." Nilicheka. Halafu usiku sikulala.

Ni nini hicho, Baba? Unajua nini? Tarehe 31, saa tatu asubuhi, tunaingia njia ya maji ya chini ya mlima, kilomita tatu na zaidi za giza, bila pa kugeukia. Nina roho za watu wanane, na wafanyakazi watatu juu yao. Niandikie lango la 16, nitafika huko jioni ya 29. Nitaisubiri barua yako.

Mwanao,
Odile


Saint-Jean-de-Losne, 26 Mei 1979

Odile mwanangu,

Kila barua tunaandika hofu ni kwako uliye mbali, na hatumaanishi kitu. Leo namaanisha.

USIINGIE CHINI YA MLIMA. Hilo ndilo kubwa, mengine soma baadaye. Ukifika Vandenesse, kabla ya mlima, shusha abiria wote, sogeza tishari ukingoni penye kina kifupi, ulilaze kwenye tope. Likizama, lizame hapo.

Chini ya ubavu wa kumi na moja chuma kimeliwa na kutu, chembamba kama kopo. Nilikigundua mwaka ule Mama yako alipolazwa. Badala ya kubandika chuma kipya nilimimina saruji kutoka ndani, kina cha kiganja. Mimi na ndoo, peke yangu. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta juu ya ufa. Unga unaouona ni saruji yangu. Beseni linaivunja.

Utauliza mkaguzi alilipitishaje siku ya kuuza. Unajua tishari likipandishwa chelezoni hukalia maboriti, na mkaguzi hupita chini akigonga chuma kwa nyundo. Nilimwomba fundi asogeze boriti moja, likae pale pale penye ubovu. Nyundo haigongi palipo na boriti. Mkaguzi aliandika kwamba chombo ni kizima, na mimi nikamnunulia divai.

Sikufanya kwa tamaa. Wangeliona, Marjolaine ingekatwa iuzwe kama chuma chakavu. Mama yako aliniambia akiwa kitandani, "Firmin, wasiikate nikiwa hai." Haikukatwa. Alikufa baada ya siku kumi na tisa, na mimi nikaendelea kunyamaza kwa sababu kunyamaza ni rahisi ukishazoea.

Ningekupigia simu kwa mlinzi, lakini simu iliyo karibu iko mkahawani kwa Berthe, na pale wamekaa wenzangu wote wa majini. Sikuweza, mwanangu. Mwonyeshe Bwana Thornbury barua hii.

Baba yako asiyestahili,
Firmin


Lango la 16 S, 30 Mei 1979, asubuhi

Baba mpendwa,

Salamu. Hakuna barua. Mke wa mlinzi amepekua kopo lake la barua mara mbili, akakung'uta hadi kitambaa cha meza. Ameniambia, "Labda mzee amepata mchumba." Unaumwa? Umeanguka? Naogopa, na sijui niogope lipi.

Pampu sasa inalia kila saa. Jana nilifanya ulivyonifundisha nikiwa mdogo: nilimwaga majivu laini ya jiko majini kando ya tumbo la tishari, maji yakayanyonya hadi kwenye tundu, na kwa saa chache pampu ikanyamaza. Nilifurahi nikajiona fundi. Nimemwambia Bwana Thornbury, naye kasema tishari hukaguliwa kila mwaka na karatasi za mkaguzi ni safi kabisa. Kama kungekuwa na la kutisha ungeniandikia, najua. Hukuandika, basi si la kutisha. Kesho saa tatu tunaingia.

Namkabidhi mtu wa posta barua hii, yuko hapa na baiskeli yake.

Mwanao,
Odile


Mkahawani kwa Berthe, 31 Mei 1979, saa nne kasoro

Odile,

Barua yako imefika sasa hivi. Sikuweka herufi. Nilikaa miaka hamsini kwenye mifereji hii nikiwatukana watu wasioweka herufi, na mimi nimeandika 16, basi. Barua yangu iko 16 ya Y, ng'ambo ya mlima, inakusubiri upande wa kutokea.

Nimekimbia hapa na magoti yangu. Nimepiga simu kwa mlinzi wa njia ya chini ya mlima. Hakunisikia vizuri, nikapiga kelele, "Saruji! Ubavu wa kumi na moja! Niliificha mimi, Firmin Delcourt!" Vasseur ameshusha kikombe. Hakuna anayenitazama, Berthe peke yake ndiye aliyeniletea kiti. Mlinzi anasema mmeingia saa tatu kamili na ngazi za kutokea hakuna. Akiona taa yenu atapiga.

Naandika kwa sababu mkono ukikaa bure unanitisha. Mama yako alitaka lile tishari liishi. Mimi sikulitaka tishari, nilimtaka yeye, na sasa nimekuweka wewe

Simu inalia.


Pouilly, 2 Juni 1979

Baba,

Tuko hai wote kumi na wawili.

Ilikuwa katikati hasa, mbele kijidoa cha nuru na nyuma kijidoa cha nuru. Pampu ilikohoa ikafa, saruji imeikaba. Nikamwachia baharia usukani, nikashuka. Kina bibi walikuwa wamesimama kwenye zulia, maji hadi vifundoni. Bi Winifred aliniuliza kwa upole, "Binti, hii ni sehemu ya safari?" Tuling'oa mbao za sakafu chini ya beseni, katikati ya miguu yake. Tundu lilikuwa la kupitisha ngumi, maji yanapanda kama chemchemi, maji yamezidi unga, Baba, na kweli nilimwita Anselme alete unga. Tulifunga unga na siagi ya wiki nzima ndani ya vitambaa vya meza, tukashindilia, tukaweka ubao juu. Lakini ubao haukai bila kitu cha kuukandamiza. Basi tukachomeka gogo la kufungia kamba kati ya ubao na tumbo la beseni, tukalipigilia kabari. Beseni lililovunja saruji yako ndilo lililotushikilia. Nililikalia mimi mwenyewe kuongeza uzito, kilomita moja na nusu, nikiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Nilikuwa nikikuita wewe. Si Mama, wewe.

Bi Harriet ameteguka mkono. Wengine ni baridi tu. Tishari liko topeni hapa bandarini Pouilly. Jana mkaguzi alinigombeza mbele ya watu kwa kuingia, kisha akauliza, "Nani alimimina saruji hii?" Nikasema sijui. Bwana Thornbury amemshika Anselme na mafundi waliobeba beseni, anasema wao ndio walioharibu.

Leo mlinzi wa 16 Y ametuma salamu lango hadi lango kwamba nina barua. Nimekwenda kwa baiskeli. Nimeisoma nimekaa kwenye nyasi, nikairudia, nikalia kwa ajili ya Mama. Halafu nikalia kwa ajili ya wale bibi wawili wanaoimba.

Unajilaumu kwa herufi. Herufi iliichelewesha siku tatu. Barua ile imechelewa miaka sita.

Umesema nimwonyeshe Bwana Thornbury. Sitamwonyesha. Uje useme mwenyewe, kwa mdomo wako, kwake na kwa Anselme na kwa Bi Harriet. Mkaguzi anarudi Ijumaa. Ninalala nyumbani kwa mlinzi wa 16 Y hadi siku hiyo. Baada ya hapo sijui nitakuwa wapi.

Bado mwanao,
Odile


Saint-Jean-de-Losne, 5 Juni 1979

Kwa Odile Delcourt, lango la 16 Y. Y ya Yonne.

Mwanangu,

Salamu. Mimi si mzima sana, na hofu leo ni kwangu mwenyewe. Nakuja na treni ya Alhamisi, Vasseur amejitolea kunisindikiza hadi stesheni ingawa sikumwomba. Nimevaa suti ya mazishi kuijaribu na bado inanitosha. Nimebeba nyundo ya kugongea chuma. Nataka niigonge pale mimi mwenyewe, mkaguzi akiwa amesimama anasikia.

Kama ukiweza, nisubiri nje ya stesheni ya huko kwenu. Kama huwezi, njia ya kwenda langoni naijua.

Baba