Mbuzi Tumemjua, Mwenyewe Hatumjui

Dada Mwanaidi, shikamoo. Nafupisha, maana salamu ndizo zilizoniponza huku kijijini Sudi.

Mwenyeji wangu, Mwalimu Bakari mstaafu, ameunda redio ya kurusha sauti, kama zile za wapenzi wa redio wa kwanza, walioachiwa mawimbi mafupi kwa kudhaniwa hayafai, wakayatumia kuongea na watu wa ng'ambo. Siku tatu ameita hadi sauti ikamkauka. Leo akanipa kipaza sauti: "Ukijibiwa, uliza jina na mahali tu, atutumie kadi ya uthibitisho kuwa katusikia, niitundike ukutani."

Akajibu mtu, kwa Kiswahili safi! Nikauliza nyumbani, watoto, mvua. Akasema mbuzi wake anaumwa, nikampa pole ndefu. Ghafla sauti yake ikapotea, ikabaki mikwaruzo.

"Mbuzi umemjua hadi maradhi," Mwalimu akanong'ona, "mwenyewe hata jina! Huenda yuko Maskati, huenda yuko Mingoyo hapo!"

Kipaza sauti kaninyang'anya; sasa kazi yangu ni kuanua kanga za mkewe kwenye waya wa antena.

Nisalimie shemeji, watoto, Bi Zuhura jirani, na yule jogoo wako mkorofi. Lo, kadi hii ya posta imejaa na jina langu sijaweka! Utanijua tu.