Aliyechelewa Pasaka

Jumanne, 31 Machi 2026
Kosa la wengi ni kungoja asubuhi. Siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza huanza jua likizama: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Kwa hiyo Pasaka ni leo jioni, si kesho. Nimelieleza kanisa letu dogo Sabato tatu mfululizo. Mikate minne isiyo na chachu iko tayari. Mmoja umeungua.

Jumatano, 1 Aprili
Jana jioni tulikuwa tisa. Tuliosha miguu, tukala mkate, tukanywa divai. Mwezi ulikuwa karibu kujaa juu ya mabati ya Rwambuzi. Nina miaka sabini na mbili na bado nilitoka nje kuutazama. Mwezi uleule uliwaangazia waliotoka Misri.
Mama Neema, wa kumi wetu, hakuja. Alikwenda mbali, Djugu, kumzika kaka yake. Barabara ilifungwa.

Alhamisi, 2 Aprili
Amefika leo, viatu mkononi, matope hadi magoti. Ameomba mkate. Nikamwambia saa imepita. Mzee mwenzangu Batista, mkali wa kalenda kuliko mimi, akasema angoje mwaka mzima. Mama Neema akamuuliza:
"Muzee, weye unajua kama mwaka kesho nitakuwa muzima?"
Akaondoka, viatu bado mkononi. Aibu.
Mama Neema analijua andiko: asiyeishika Pasaka atakatiliwa mbali na watu wake. Anaamini Mungu amemkata.

Ijumaa, 3 Aprili
Sikula. Nimesoma Hesabu, sura ya tisa, polepole. Adhabu ile ni ya aliye safi, asiye safarini, akapuuza. Miaka thelathini nimeifundisha nusu.
Waliogusa maiti walimuuliza Musa mbona wanazuiwa kuishika Pasaka. Musa hakukata shauri. Alikwenda kuuliza kwanza. Jibu: aliyegusa maiti, au aliye katika safari ya mbali, aishike mwezi wa pili, siku ya kumi na nne, jioni.
Maiti na safari. Vyote viwili ni vyake. Aliyeamuru mwezi na jua alimtengea mfiwa siku yake, kabla hajalia. Nimevua miwani.
Nilipomsomea Batista, akauliza kama Torati hiyo bado inatubana. Nikamjibu:
"Jana ilibana kumufukuza. Leo haibane kumungojea?"
Akacheka, bila kupenda.

Alhamisi, 30 Aprili
Jioni hii inaanza siku ya kumi na nne ya mwezi wa pili. Batista amekuja mapema, ameketi. Mvua inanyesha. Mama Neema anaishi ng'ambo ya soko.
Nimemwambia Batista: chukua mwavuli, ukamlete kabla jua halijazama.