Bakuli la Sukari la Mama Sitara

Mwaka umetimia leo, Mama Sitara, tangu ile Ijumaa ya tarehe 9 Juni 1995 ulipotutoka, birika lako likiwa bado jikoni. Figo zilichoka. Kisukari ulikigundua umeshachelewa, na hukutaka na sisi tuchelewe.

Foleni za sukari kwenye duka la kaya, enzi za mgao, uliziona zote. Biashara ilipofunguliwa na magunia yakajaa Kariakoo, mgahawani kwako Mtaa wa Mchikichi ulimtilia kila mteja vijiko vinne. "Kunyweni, foleni zimekwisha!" Chai ya vijiko viwili ilikuwa kumdharau mgeni. Yangu ilikuwa nzito hivi kwamba siku moja kijiko kilisimama chenyewe kikombeni, kikaniambia shikamoo.

Hospitali walipokwambia, ulirudi ukaacha kuwatilia watu sukari, ukaiweka pembeni kwenye bakuli. Wabeba mizigo wa sokoni wakaja juu.

"Mama, sukari imerudi foleni?"

"Ipo hapo, jichoteeni. Ukifika kijiko cha tatu, niangalie usoni."

Halafu ukaenda kwenye kikao cha mtaa, ukataka kila muuza chai aweke bakuli. Mwenyekiti wetu, Bwana Seifu, akacheka: "Bi Nasma, serikali imeruhusu sukari, wewe unaipiga marufuku?"

"Sijapiga marufuku. Nataka mtu aone anachokunywa. Mama yako angeona, leo angekuwa na miguu yote miwili."

Mwezi uleule mabakuli yakawekwa mtaa mzima.

Mimi mumeo, mstaafu wa bandari, sukari yangu ilikuwa juu kuliko winchi niliyoiendesha. Ulinitembeza kila alfajiri mpaka soko la samaki la Feri na kurudi, samaki mkononi. Watu niliwaambia tumefika Bagamoyo na kurudi kabla uji haujapoa. Na wewe nilikudanganya: nyuma ya redio, kwenye kopo la dawa ya viatu, nilificha sukari yangu.

Siku ya tatu ya msiba nililinyemelea lile kopo. Ndani, juu ya sukari, nikakuta kijiko kidogo kile cha dawa ya watoto. Kumbe ulijua siku zote. Hukuninyang'anya, ulinipimia tu. Nililia, Mama Sitara, na hili silitii chumvi.

Kopo sasa ni tupu. Kijiko ninacho. Feri bado naenda kwa miguu, ila njia imekuwa ndefu.

Hitima ni leo Jumapili, baada ya alasiri, nyumbani. Chai ipo, bakuli pembeni, na picha yako tumeitundika juu yake. Atakayefika kijiko cha tatu, akuangalie usoni.

Unakumbukwa na mumeo Uwesu, wanao Sitara na Safari, wajukuu, shoga yako Bi Ila wa duka la vitambaa, na wanywaji chai wote wa Mchikichi. Maadamu tupo, hutatutoka moyoni.