Nondo wa Aina ya Pili

Kwa dada yangu Mbithe,

Salamu kutoka Sagalla. Mvua bado, maji tunayafuata mbali, lakini tuko wazima.

Unakumbuka wale viwavi wadogo wanaoishi ndani ya jani, niliomkusanyia yule mtafiti kwa miaka minne? Alisema wote hugeuka nondo, wale vipepeo wa usiku, wa aina moja. Nikamwambia ni wa aina mbili, kwa sababu mmoja huchimba mstari uliopindapinda na mwingine huchimba doa. Akacheka. Juzi nimeona makala yake. Ni aina mbili, na ile mpya ameipa jina la mkewe.

Nikampigia. "Kasiva, tumewashukuru wenyeji wote," akasema.

"Mimi nina jina," nikamjibu. Akakata simu.

Nimeacha hiyo kazi. Majani yaliyobaki nimewapa mbuzi.

Lakini dada, kuna linaloniuma zaidi. Mama alipozidiwa huko Njukini, nilikuambia siwezi kuja kwa sababu naumwa. Sikuwa mgonjwa. Nondo wa aina ya pili ndio kwanza walikuwa wanaanza kutoka, nami nikaogopa kuwakosa. Nilidhani mama angenisubiri.

Mdogo wako,
Kasiva